Donda la Mguu wa Ngao

Kama unasomewa haya huku mguu wako umefungwa majani na nzi wanakufuata kila unapohama kivuli, jua kwamba anayesema nawe naye alifuatwa na nzi. Leo natembea. Sitembei vizuri, na hilo nitalieleza, lakini nafika mtoni na kurudi na mtungi kichwani. Wakati ule nilitafuta mtu wa kuniambia siku za mgonjwa wa donda ndugu zinapitaje, nikapata watu wa kuniambia dawa tu. Dawa kila mtu anayo. Kuhusu wivu hakuna aliyenionya.

Ndiyo, wivu. Maumivu utayazoea, harufu utaizoea, hata kuitwa mgonjwa utazoea. Ila siku utakapokaa chini na kutazama mtu mwenye miguu miwili akikimbilia mbuzi wako, utaona moyo unageuka nyongo. Mimi ulinigeuka, na sikuwahi kuwa mtu mpole hata nilipokuwa mzima.

Baba yangu, tuliyemwita dadi, alikuwa mtengeneza ngao hapa Ruhuwiko kabla ya vita. Aliloweka ngozi ya ng'ombe, akaikata, akaipitisha fimbo katikati, na ilipokauka ilibidi ijaribiwe, maana ngao haiendi vitani kabla haijapigwa nyumbani. Kaka zangu walikufa wakiwa wachanga. Kwa hiyo aliyeishika ngao mpya huku dadi akiitwanga kwa rungu nilikuwa mimi. Ngao ikipasuka aliitupa. Mimi nikianguka alinicheka, akaniambia nisimame.

"Mguu wa kushoto mbele," alikuwa akisema. "Huo ndio mguu wa ngao. Rungu ni la kujivunia, lakini huo mguu ndio unaokurudisha kwenu."

Nikajifunza. Nilijifunza kuliona pigo begani mwa mtu kabla halijafika mkononi, na kulipokea rungu kwa ngozi huku mguu wa kushoto umekita na wa kulia unazunguka. Mama alilia kwamba nitakosa mume. Sikukosa. Gama aliniposa baada ya kuniona nikimwangusha binamu yake mbele ya zizi, na mpaka leo anapenda kuwasimulia watu kwamba alinioa kwa kuogopa.

Kisha vikaja vita vya Maji Maji. Wengine wameshavieleza, na mimi sina la kuongeza ila kwamba vilipokwisha dadi hakuwepo, ng'ombe hawakuwepo, na Wadachi walikuwa wamechoma ngao na kukusanya mikuki yote bomani. Baada ya hapo ikaingia njaa. Tulichimba mizizi porini, tukazika watoto, tukachimba tena. Ulezi ulipokubali kuota, wanaume waliobaki walijaribu kucheza ngoma ya mavuno mikono mitupu. Walizunguka mara chache wakaacha. Walikuwa hawajui mikono waiweke wapi.

Siku hizohizo nilikuwa uani napepeta ulezi wetu kiduchu. Kuku wa jirani akaruka akaingia katikati. Nikainua ungo kukinga nafaka, nikamfuata kwa mwiko, na mguu wa kushoto ukaenda mbele wenyewe. Wanawake waliokuwa wakitwanga karibu yangu walicheka, kisha wakaacha kutwanga. Mmoja akasema, "Hebu rudia." Nikarudia bila kuku.

Ngoma yetu ilianza hivyo. Tulisimama mistari miwili, ungo mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia, mstari huu ukipiga na ule ukipokea, na miguu ya kushoto ikikita chini kwa pamoja mpaka unaisikia tumboni. Jumbe alituombea ruhusa bomani kwamba ni ngoma ya akina mama ya kushukuru chakula. Askari alikuja kutukagua, mtu wa mbali, si wa kwetu. Akaona wake za watu na vyombo vya jikoni, akajishika mbavu kwa kucheka. Wanaume wetu hawakucheka. Walisimama wamenyooka kwa mara ya kwanza tangu vita, na mzee mmoja aliyekuwa amenunua ngao kwa dadi alilia bila kuficha uso. Mbele ya mistari yote miwili nilikuwa mimi. Sitakudanganya kwamba nilikuwa mnyenyekevu. Nilijisikia vizuri kupita kiasi.

Mwaka huohuo Gama alimrithi Masozi. Alikuwa mke wa mdogo wake aliyekufa vitani, na tanga lilipoondolewa ukoo ulikaa ukasema mjane asitupwe. Ndivyo desturi yetu ilivyo, na ningekuwa mimi mjane ningetaka nifanyiwe hivyo. Alikuja na mkeka wake na chungu kimoja. Kila asubuhi alipiga magoti mlangoni kwangu, akapiga makofi mepesi na kunisalimu, "Umeamkaje, dada?" Alikuwa mdogo, mrefu, shingo imesimama, na kazi hakuikimbia. Nilimpenda kiasi cha kutosha. Mguu wangu ulikuwa mzima, kwa hiyo sikuona sababu ya kumchukia.

Donda lilianza mwanzo wa mvua kwa mkwaruzo wa bua, chini ya muundi, mguu wa kushoto. Mkwaruzo wa kulamba ukasahau. Niliendelea kulima nao kwenye tope. Ukavimba, ukatoa lengelenge, lengelenge likapasuka, na chini yake nyama ilikuwa na rangi ya maini yaliyolala. Hapo nilikuwa bado nawachekesha watu kwamba nimeng'atwa na jembe. Palizi ilipofika sikucheka tena, kwa sababu shimo lilikuwa linaingia kiganja cha mtoto.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa majani. Shangazi yake Gama aliyasaga, akayabandika, na kila alipoyabandua alibandua na mimi. Msimu wa pili ulikuwa wa chuma cha moto. Mtu alitoka upande wa Hanga akasema donda ni mdudu na mdudu huogopa moto. Gama alinishika mabega, Masozi akanishika magoti. Nilipopiga kelele nilimwona Masozi amefumba macho na machozi yanamtoka, na badala ya kumshukuru nikawaza: huyu analia kwa magoti mazima.

Nyumba nayo ilianza kujipanga upya bila kuniuliza. Walinihamishia kitanda kwenye kijumba cha jikoni, wakasema ni kwa ajili ya joto. Nilijua ni kwa ajili ya harufu. Binti yangu mdogo alikuwa akija kwangu kusukwa nywele. Akaanza kuja amesukwa tayari, mistari imenyooka kuliko ninavyosuka mimi. "Nani kakusuka?" nilimuuliza, ingawa nilijua. "Mama mdogo." Nikamwambia mistari imepinda. Mtoto akajishika kichwa akaondoka amenuna.

Na Gama? Chuma kiliposhindwa alinibeba mgongoni mpaka misheni, hilo simnyimi. Njia ni ndefu, na kuna kilima kinachowakata pumzi hata wasiobeba kitu. Alinibeba kila siku ya dawa, mvua na jua. Lakini akinifikisha alirudi nyumbani kula, na aliyempakulia alikuwa Masozi. Nilikuwa nimelazwa kwenye mgongo wa mume wangu, shavu langu kwenye shingo yake, na bado nilikuwa namwonea wivu mtu aliyebaki nyumbani anasonga ugali.

Sasa nikueleze kuhusu baraza ya misheni, maana utakaa huko sana. Fika mapema ukae upande wa ukuta wa magharibi, jua linachelewa huko. Beba kitambaa chako mwenyewe cha kujifunika mguu, si kwa nzi tu, bali kwa macho. Pale wagonjwa wote hutazamana madonda. Kila mtu anapima la mwenzake dhidi ya lake, na asikwambie mtu kwamba tunapima kwa huruma. Alikuwepo mama mmoja wa kutoka Lusewa ambaye donda lake liliingia wekundu mzuri wa kupona mapema. Nilimpongeza kwa mdomo. Rohoni nilimwombea mkwaruzo mwingine.

Aliyekaa pembeni yangu mara nyingi alikuwa Bi Atuweni, mjane Mwislamu, Myao aliyekuja na biashara ya chumvi kutoka pande za Tunduru akazuiwa njiani na donda la kisigino. Bruda aliyekuwa akitutibu aliwatibu wote bila kuuliza mtu anasali wapi. Bi Atuweni alikuwa na maneno.

"Leo umemtazama nani?" aliniuliza asubuhi moja.

"Sijamtazama mtu."

"Umemtazama yule binti aliyeshuka ngazi anaruka. Nimekuona. Wallahi, mwenzangu, wivu wako una afya kuliko mguu wako."

Nilicheka mpaka donda likauma. Hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu palizi, na nilikaa nacho siku nzima.

Kulikuwa na mengine madogo ya kushukuru. Sista mmoja alipita na ubao, akawafundisha waliosubiri kusoma herufi, ndiyo maana leo naweza kuandika haya. Kulikuwa na maji ya zambarau ya kuogea donda, ambayo yaliwasha kwa muda mfupi kisha yakaleta ubaridi mtamu mpaka nikafumba macho. Na kulikuwa na vipande vya shuka safi vya kufungia. Kama hujawahi kufungwa donda kwa kitambaa kisafi baada ya majani, hujui starehe.

Lakini katikati ya kiangazi bruda alipofungua kitambaa alinyamaza. Alikuwa Mdachi mnene mwenye ndevu, Kiswahili chake cha kuokoteza, na kwa kawaida alikuwa akiongea na donda lenyewe kama mtu anayegombeza mbwa. Siku ile alitazama pembeni ya shimo, palipokuwa peusi, akabonyeza. Sikusikia kitu. Kutosikia huko kuliniogopesha kuliko chuma.

"Mama Nyoni," alisema, kwa jina la ukoo wangu. "Mimi nasafisha tena. Mvua inakuja, mimi naangalia. Nyeusi ikifika mfupa, mimi nakata hapa." Akapitisha kidole chini ya goti.

Gama alinibeba kurudi. Kwenye kilima alisimama kupumua, akasema, "Mguu si mtu. Mtu akibaki, mguu si kitu."

"Sema hivyo kwa wa kwako," nilimjibu.

Hakujua alichokuwa anakigusa. Mwanamke wa mguu mmoja anaweza kupika, anaweza kulea, hata kulima kwa kukaa. Lakini ngoma yangu ilisimama juu ya mguu ule. Ndio unaokita. Ukikatwa, mimi ni mama wa watoto wa Gama tu, na ngoma ni ya mwingine. Na huyo mwingine nilikuwa nimeshamjua. Wanawake walikuwa wamekuja siku chache kabla kuniambia, kwa adabu zote, wamekaa kwenye mkeka, kwamba mavuno yajayo mistari haiwezi kukosa wa mbele, na kwamba kwa sasa, kwa sasa tu, wamemwomba Masozi.

"Kwa nini Masozi?" niliuliza.

"Anaishi na wewe. Amekuona zaidi yetu."

Nikasema sawa. Walipoondoka nilirusha kata ya maji ikagonga ukuta.

Mvua ilikuja, na weusi ukakaa palepale. Bruda alikwangua, akaosha, akafunga, na siku moja kwenye ukingo pakaonekana wekundu mwembamba. Bi Atuweni aliinama akautazama kabla yangu. "Alhamdulillahi," akasema, "huo si wivu, huo ni mwili." Yeye alikuwa amepona. Aliondoka na chumvi yake wiki ileile, na nilipomuaga nililia kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu alikuwa anaondoka kwa miguu.

Wekundu ukaanza kusogea. Shimo likajaa kutoka chini, taratibu mno. Lakini ngozi mpya ilipofunga ilivuta. Mshipa wa nyuma ya kisigino ukakaza, na nilipojaribu kusimama kisigino hakikugusa chini. Ncha ya mguu tu. Bruda alifurahi, akapiga makofi, akasema mguu umebaki. Nami nilimshukuru kwa dhati. Njiani nikagundua nimebakiziwa mguu usiokita.

Basi nikaanza kujizoeza. Watu wakienda shambani nilijikongoja mpaka nyuma ya ghala, ungo mkononi, fimbo ya kutembelea badala ya mwiko. Nilijaribu kukita, nikaanguka. Nilijaribu tena. Mwishowe mwili ulitafuta njia yake. Ukiwa huwezi kukita, unauburuta mguu wa ngao chini, unachora nusu duara kwenye vumbi, na mzigo wote unabebwa na mguu wa kulia mpaka ungo umepita. Haukuwa mchezo wa dadi. Ulikuwa mchezo wa mtu aliyejeruhiwa ambaye hajakubali kulala. Niliuchukia. Nilijipa moyo kwamba ni wa muda, mpaka kisigino kishuke. Sikujua kwamba Masozi, aliyebaki nyumbani siku nyingine kukausha mboga, alikuwa ananichungulia kwenye upenyo wa matete.

Mavuno yakafika. Gama alinipeleka uwanjani, akaniwekea kigoda mbele, karibu na jumbe. Askari alikuwepo na bunduki yake, kachoka, anakunywa togwa. Ngoma zikapigwa. Wanawake wakaingia mistari miwili, nyungo zimeinuliwa, na mbele yao Masozi, shingo juu, amejifunga kaniki mpya. Nilisema kimya: akosee. Mungu wa misheni na mizimu ya kwetu wote wanisikie, akosee.

Hakukosea. Ungo ulikwenda mahali pake, mwiko ukatoka chini ya ungo kama dadi alivyotaka. Kisha ikafika zamu ya kukita. Na wanawake wote, wazima wa miguu, waliburuta mguu wa kushoto. Wote. Nusu duara kwenye vumbi, kisigino juu, mwili umeegemea kulia. Vumbi lilipanda katika mstari mmoja na watazamaji wakasema "Eee!"

Wananiigiza! Wanamcheza kilema mbele ya mji mzima, na mke mwenzangu ndiye kiongozi wao. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka fimbo ilikuwa mkononi na Masozi alikuwa mbele yangu, nami nikampiga. Nilimpiga pigo la kweli, la kichwani.

Aliliona begani mwangu. Ungo ukapanda, fimbo ikatua juu yake, na nyuzi za ungo zikalia. Mguu wake wa kushoto ukaburuta, akazunguka. Nikapiga tena, chini. Akapokea. Mguu wangu nao uliburuta, maana hauna njia nyingine, na tukawa tunazungukana mimi na yeye, tunachora vumbi, na wapiga ngoma, wasio na akili, wakaongeza mwendo. Mistari miwili ikatuzunguka ikifuata. Askari aliruka kutoka kwenye kiti chake. Nilimsikia akimuuliza jumbe, "Nini hii?"

"Wake wenza, bwana," jumbe akajibu haraka. "Wanagombana."

Askari akacheka, akarudi kwenye togwa yake. Kwa mara ya kwanza bomani walikuwa wameambiwa ukweli.

Pumzi iliponiishia niliiegemea fimbo. Masozi alishusha ungo. Ulikuwa umepasuka katikati.

"Nimekukosea wapi, dada?"

"Unanicheza kilema."

Alinitazama kwa mshangao ambao hauwezi kughushiwa. "Nimekucheza wewe. Nilikuona nyuma ya ghala. Nilidhani ndiyo hatua yenyewe. Nilidhani ulitufundisha nyepesi, nzito ukajiwekea mwenyewe." Akashusha sauti. "Nimewafundisha majuma mengi. Ilitushinda sana. Kama si sahihi, sema sasa hivi, tutairudisha ya zamani."

Wanawake walikuwa wamenikodolea macho. Ningesema neno moja tu na hatua ya dadi ingerudi, safi, ya kukita, mbele ya watu wote. Na mimi ningerudi kwenye kigoda, kwa sababu hatua ile siwezi kuicheza tena. Nilimtafuta yule mzee aliyenunua ngao kwa dadi. Alikuwa amesimama, na mguu wake mwenyewe wa kushoto ulikuwa umechora nusu duara mbele yake.

"Ndiyo yenyewe," nikasema. "Ila bega lako la kulia liko juu. Lishushe."

Nikaingia mstarini. Mbele, ubavuni pake.

Hivyo ndivyo inavyochezwa mpaka leo. Mabinti ambao hawajawahi hata kukwaruzwa hujifunza kuburuta mguu, na wakilalamika kwamba ni ngumu nafurahi. Kwa hiyo wewe uliye barazani, funika mguu wako, kaa upande wa magharibi, na usijilaumu ukimchukia anayeshuka ngazi akiruka. Mimi kisigino hakijashuka na hakitashuka. Nimeshakubali. Ambalo sijalikubali ni jambo moja tu: tukisimama mbele ya mistari, mimi na Masozi, watu humtazama yeye. Nimekaa misimu yote ile na nzi na chuma na maji ya zambarau kulipata chechemeo hili, na yule mwanamke mwenye miguu yake miwili mizima anachechemea vizuri kuliko mimi.